Nafasi salama kwa wasichana wakimbizi: maana yake hasa ni nini?

Ukisikia "nafasi salama", usiwaze jengo kwanza. Inaweza kuwa darasa baada ya vipindi, hema, au uwanja uliozungushiwa uzio. Usalama wake unatokana na makubaliano: siku na saa zinazojulikana, wasichana peke yao, mlezi wa kike yule yule kila wiki, na sharti kwamba yanayosemwa humo hayatoki nje. Mlezi mwaminifu hutaja mapema kuwa maisha ya mtu yakiwa hatarini, itabidi aombe msaada.

Shirika la Afya Duniani huhesabu rika la balehe kuwa miaka 10 hadi 19. Ukimbizini, msichana wa umri huu hupotea machoni. Huduma za watoto humwona mkubwa, za wanawake humwona mtoto. Ndiye anayebaki na wadogo zake, anayetumwa maji na kuni, na posa humjia mapema nyumbani kukikosekana kipato. Shangazi na bibi ambao wangemkalisha chini wakamweleza kuhusu hedhi na mwili wake huenda walibaki walikotoka.

Stadi za maisha ndizo zinazofundishwa humo: kufanya uamuzi, kutatua matatizo, kuwasiliana, kujitambua, kuhimili hisia. Zikiorodheshwa hivi hazishiki. Lakini wape wasichana karatasi kubwa wachore kambi yao, na kalamu nyekundu watie alama wanapoogopa kupita. Wekundu utaangukia choo kisicho na komeo, au njia ya kuni. Kisha waulize: tukipita, twende wangapi? Likitokea jambo, tumwambie nani? Hapo stadi zimeanza kufanya kazi, na ramani ile iwafikie wasimamizi wa kambi.

Tusizidishe matumaini, hata hivyo. Utafiti wa COMPASS, mradi ulioendesha nafasi salama kama hizi katika kambi za wakimbizi za Ethiopia, uliochapishwa 2018, uliona wasichana wakipata marafiki na mwanamke wa kumwamini nje ya familia, lakini haukuona ukatili wa kingono ukipungua kwa kiwango cha kuaminika. Kwangu marafiki hao si jambo dogo hata kidogo. Ila kumtwisha binti wa miaka 14 kazi ya kuzuia ukatili ni kumwonea. Anayemdhuru hayumo kwenye kikao kile, na komeo la choo si yeye wa kuliweka.