Gari haliibwi na mtu mmoja

Wizi wa magari mitaani Nakuru husimuliwa kama tukio la usiku mmoja: mtu alilala, akaamka, akakuta pahali patupu. Sisi tunaoshughulikia madai ya bima tunajua kwamba kisa huanza mapema zaidi. Kuna aliyejua gari linalala wapi na ufunguo hutundikwa wapi. Kuna aliyeliendesha. Na kuna aliyekuwa tayari kununua, gari zima au vioo vyake tu. Watu humwinda huyo wa katikati usiku kucha na kuwasahau wenzake wawili.

Tuanze na anayejua. Unapeleka gari karwashi na kuacha shada zima la funguo: la gari, la geti, la nyumba. Fundi anakaa na gari siku mbili, naye ana vijana wake. Simwambii mtu amshuku fundi wake, wengi ni waaminifu kuliko sisi wateja, lakini mpe ufunguo wa gari peke yake. Na ukinunua gari lililotumika, usitosheke na funguo mbili ulizokabidhiwa, kwani ufunguo wa tatu unaweza kuwa kwa mtu usiyemjua. Kama ufunguo una chipu, fundi wa funguo anaweza kufuta zile za zamani kwenye kompyuta ya gari zisiwashe injini tena. Kama hauna, badilisha vitasa.

Pahali pa kulaza gari ni shida ya kweli. Milimani na Kiamunyi kuna mageti na taa; ploti nyingi za Kaptembwo na Rhonda zilijengwa bila kumfikiria mwenye gari. Wengi hulipa walaze gari kituo cha mafuta au kwenye uwanja wenye soja. Ni sawa, ila dai risiti yenye nambari ya gari, kisha soma kile kibao ukutani. Kikisema gari liko hapo kwa hatari ya mwenyewe, pesa unayotoa ni ya nafasi, si ya ulinzi.

Vifaa vyenyewe si lazima viwe ghali. Kufuli ya usukani inaonekana kutoka nje, na mwizi mwenye haraka hupita aende kwa gari lisilo nayo. Swichi ya siri ya kukata mafuta, ikifungwa na fundi unayemwamini mahali ambapo hata jamaa zako hawapajui, hulizima gari hatua chache kutoka getini. Vioo vya pembeni na taa vipigiliwe ribiti na kuchorwa nambari ya usajili. Kioo chenye nambari ya mtu mwingine hakiuziki vizuri. Kwa magari yanayowashwa kwa kitufe, usiweke ufunguo karibu na mlango wa mbele, kwa kuwa kuna mashine za kuvuta mawimbi yake kutoka nje ya ukuta. Mjini, kwenye pilkapilka za Kenyatta Avenue, ukibonyeza rimoti vuta na mlango uhakikishe. Kuna vifaa vya kuziba mawimbi, nawe utaondoka ukidhani umefunga.

Kuhusu traka, kile kifaa kinachoonyesha gari liko wapi, nitasema tu kwamba Nakuru ni njia panda. Barabara kuu inaelekea Nairobi upande mmoja. Upande mwingine inafika Mau Summit na kugawanyika, moja Kericho na Kisumu, nyingine Eldoret hadi mpakani Malaba. Kuna ya Nyahururu, ya Marigat, na ya Njoro kuelekea Narok. Gari lililoondoka saa saba usiku, ukigundua saa moja asubuhi, linaweza kuwa limeshavuka kaunti kadhaa au limeshafika mpakani. Traka ambayo malipo yake ya mwaka yalikwisha haisaidii lolote.

Sasa nije kwenye jambo linaloumiza wengi kuliko wizi wa usiku: gari unalomkabidhi mwizi kwa mkono wako. Mwenye gari, mara nyingi mwalimu au mfanyabiashara mdogo, ana Fielder au Probox, anaambiwa akilipeleka kwa biashara ya kukodisha litamletea mapato kila siku. Mteja anakuja na kitambulisho, analipa wiki ya kwanza bila shida. Wiki ya pili simu haishiki. Gari limewekwa rehani kwa shailoki mji mwingine, pengine kwa logbuku (hati ya usajili wa gari) bandia, na huyo mkopeshaji anashikilia kwamba ni lake mpaka alipwe. Mwenyewe anakuja kwetu akitarajia fidia. Hapo ndipo anaposomewa mambo mawili yaliyomo kwenye mikataba mingi ya bima: gari lililosajiliwa kwa matumizi ya binafsi halina kinga likikodishwa kwa malipo, na upotevu unaofanywa na mtu uliyempa gari kwa hiari yako mara nyingi haulipwi kama wizi. Wenye bima ya thadi pati pekee, ile ya lazima kisheria, hawana hata mahali pa kuanzia, maana haifidii wizi wa gari lako. Kama ni lazima ukodishe, chukua bima ya kukodisha, uulize kwa maneno haya haya: mteja akitoroka nalo, mtalipa? Jibu walitoe kwa maandishi.

Halafu kuna mnunuzi. Watu wengi wanaonunua taa ya Premio kwa nusu ya bei hawajioni kama wezi. Sheria inawaona vingine. Kifungu cha 278A cha Kanuni ya Adhabu kinampa mwizi wa gari hadi miaka 7 gerezani. Kifungu cha 322, kinachohusu kupokea mali ya wizi ukijua au ukiwa na sababu ya kuamini imeibwa, kinafika miaka 14. Mara mbili. Nami naona sheria imepima vyema, kwa sababu taa isiyo na mnunuzi haina faida ya kuamkiwa usiku. Omba risiti kwa muuza spea. Ukinunua gari, tafuta rekodi yake ya NTSA, mamlaka inayosajili magari, kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen, kisha fungua boneti ulinganishe nambari ya chasi na ya injini wewe mwenyewe, si picha uliyotumiwa kwa WhatsApp. Pikipiki nazo ni vivyo hivyo.

Kwa sababu hiyo hiyo, kumchoma mshukiwa kwa tairi ni uhalifu na pia ni hasara kwa mtaa: aliyekuwa amtaje mnunuzi hayupo tena, na duka linaendelea kufunguliwa. Mkimshika, mkabidhini kwa polisi kupitia 999 au 112. Mambo ya kupeleleza, kama gereji inayovunja magari usiku, yafikishwe DCI, idara ya upelelezi wa jinai, kwa 0800 722 203. Simu hailipishwi na huhitaji kutaja jina. Nyumba Kumi, mpango wa majirani kulindana, hufanya kazi pale majirani wanapojua gari la nani hulala wapi na nani amesafiri. Habari hizo zibaki kwa hao majirani, zisiandikwe kwenye kundi la watu mia mbili ambao nusu yao walishahama.

Gari likishapotea, piga simu kwanza kwa kampuni ya traka, kisha nenda kituo cha polisi saa hiyo hiyo na kitambulisho, nakala ya logbuku na alama za gari, hata mkwaruzo. Chukua nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo, na baadaye abstrakti, ile karatasi ya polisi inayothibitisha umeripoti. Ijulishe bima siku hiyo, kwani kuchelewa hukupa kazi ya kujieleza. Ukiweka picha mtandaoni, tarajia simu ya mtu anayedai ameliona gari Bungoma na anataka pesa ya mafuta kwa M-Pesa kabla ya kukuelekeza. Usitume. Nambari yake mpe afisa anayeshughulikia kesi yako.