Lebo ya mzunguko: kubandika na kubandua

Lebo ya mzunguko ni kile kipande kinachobandikwa kwenye kitabu cha maktaba ili kiweze kuazimwa na kurudi: namba ya rafu mgongoni, msimbomilia (mistari inayosomwa na mashine) kwenye jalada, karatasi ya ndani inayogongwa muhuri wa tarehe ya kurudisha. Bila lebo kitabu hupotea. Lakini nyuma ya lebo kuna gundi, na madhara mengi huanzia hapo.

Gundi ya seloptepu na ya stika nyingi ni ya jamii ya mpira. Ikizeeka hulainika, hunasa vumbi na kugandisha kurasa. Baadaye hugeuka njano, kisha kahawia, hukauka, na lebo hudondoka yenyewe ikiacha doa lililozama ndani ya karatasi. Joto huharakisha yote haya, na Mtwara joto lipo mwaka mzima. Karatasi ya lebo nayo ikiwa na asidi huunguza ukurasa polepole. Umeshaona kipande cha gazeti kilichosahauliwa kitabuni kinavyoacha kivuli cha rangi ya chai.

Kiswahili kimetupa kipimo kizuri: kinachobandikwa kiweze kubanduliwa. Gundi ya uwanga wa ngano hulainika kwa maji, hivyo hubanduka bila kuchana karatasi. Ila kwa unyevu wa pwani yetu huota ukungu, na mende huipenda mno.

Si kila kitabu kinahitaji uangalifu huu. Kitabu cha kiada kitakachochakaa mikononi mwa wanafunzi na kununuliwa kingine, bandika bila wasiwasi. Lakini kitabu cha zamani kilichochapwa na mitambo ya misheni ya Ndanda, ambacho huwezi tena kukipata dukani, kwangu mimi hakistahili hata tone moja la gundi. Andika namba kwa penseli laini kwenye ukurasa wa ndani, kisha chomeka ukanda wa karatasi isiyo na asidi, mrefu kuliko kitabu, namba isomeke kwenye ncha iliyochomoza. Au kivishe kava angavu la poliyesta, na lebo ikae juu ya kava. Plastiki ya PVC iepuke, kwani ikizeeka nayo hutoa asidi.

Lebo ya zamani iliyokwisha ganda usiivute kwa ukucha. Itaondoka na ngozi ya jalada.