Fa ya baragumu la Alpi

Mara ya kwanza kupuliza baragumu la Alpi, kwenye malisho juu ya Grindelwald, kijiji cha milimani Uswisi, niliaibika. Do ikatoka safi, re, mi, halafu fa ikatoka imepanda, kali kama ndimu. Nikalegeza midomo, nikarudia. Ile ile. Mimi niliyelelewa na matarumbeta ya kanisa kule Kilimanjaro, na sasa nafundisha wengine, leo fa inanishinda? Mzee aliyeniazima chombo chake akacheka, akalichukua, akapuliza mwenyewe. Fa yake nayo ilikuwa kali vilevile.

Baragumu hili halina tundu wala vali. Ni bomba moja la mti, na kwa Waswisi urefu wake kwa kawaida ni kama mita 3.4. (Watu wa Bavaria, kusini mwa Ujerumani, wengi hupendelea refu zaidi kidogo. Mkikutana, nusu toni inawatenganisha na hampigi pamoja.) Kinachobadilika ni midomo yako tu: ukiikaza, hewa iliyomo bombani hutetemeka kwa vipande viwili, vitatu, vinne, na kila mgawanyo una sauti yake. Kule chini sauti zimeachana mno, toka ya 1 hadi ya 2 ni oktava nzima, kwa hiyo utapata mwito lakini hupati wimbo. Kadiri unavyopanda zinasogeleana. Ya 8 ni do, ya 9 re, ya 10 mi, ya 12 so.

Imebaki ya 11, na hapo ndipo nilipoaibikia. Mnaosoma noti za kwaya kwa d-r-m mtanielewa: si f, wala si fe (fa iliyopandishwa nusu toni). Imekaa karibu nusu kwa nusu baina yao, na kwenye kinanda haina kitufe. Waswisi wameipa jina kabisa, Alphorn-Fa.

Mpulizaji hodari anaweza kuishusha kidogo kwa midomo, ila sauti hufifia. Kwangu mimi hilo ni sawa na kumsahihisha bibi yako lafudhi. Tena wapo wanaoiimba bila kulazimishwa na bomba lolote: waimbaji wa yodeli ya asili (uimbaji wa kurukaruka kati ya sauti nzito na nyembamba) wa bonde la Muotathal. Koo linaweza kutoa fa yoyote ile, wao wanaichagua hii. Kama koo liliiga baragumu au baragumu liliiga koo, wataalamu bado wanabishana.

Zamani fundi alitafuta mti wa jamii ya msonobari uliokulia kwenye mteremko mkali, ambako theluji huukandamiza ungali mchanga, hata shina likapinda chini. Pindo hilo ndilo mdomo mpana wa baragumu, umeshachongwa na mlima. Akaupasua kwa urefu, akakomba kila nusu, akaziunganisha na kuzifunga. Siku hizi vipande huchongwa mbalimbali na kuungwa kwa gundi, bomba huviringishwa henzirani, na chombo kizima hufunguka vipande ili kiingie kwenye treni.

Usidhani lilidumu bila kukatika. Hesabu za monasteri ya St. Urban za mwaka 1527 zinataja sarafu alizopewa mpulizaji mmoja kutoka Valais, eneo la milimani la Uswisi, lakini ilipofanyika sherehe ya wachungaji ya Unspunnen, karibu na Interlaken, mwaka 1805, wapulizaji walikuwa wa kuhesabika. Miaka ya 1820 Niklaus von Mülinen, kiongozi wa Bern, aliagiza mabaragumu yatengenezwe, na mwanamuziki Ferdinand Huber akawafundisha vijana wa Grindelwald. Mtunzi Mjerumani Johannes Brahms naye alimtumia rafiki yake, mpiga piano Clara Schumann, wimbo wa baragumu kwenye kadi ya siku yake ya kuzaliwa mwaka 1868, kisha akauingiza katika simfoni yake ya kwanza, iliyokamilika mwaka 1876.

Ukitafuta rekodi, chukua ya mpulizaji mmoja peke yake. Kukiwa na akodiani pembeni, mara nyingi fa hukwepwa wasigombane. Mwache apande do, re, mi, na wewe utege sikio.