Picha zako za mbizi ni za bluu tupu? Punguza maji kwanza

Picha ya kwanza ya mzamiaji karibu kila mara hutoka hivi: bluu tupu, samaki hana makali, na vidoa vyeupe vimetapakaa kila mahali. Kamera hulaumiwa bure. Kasoro zote tatu zinaletwa na maji mengi yaliyo kati ya lenzi na unachokipiga.

Maji hula rangi, yakianza na nyekundu. Kwenye mita 5 hivi sehemu kubwa ya nyekundu imeshapotea. Rangi ya chungwa hufuata, kisha njano. Mpige chewa mwekundu mwenye madoa ya bluu pale Mnemba, Zanzibar, mita 15 chini, bila flashi, atatoka wa kijivu. Mmulike ukiwa sentimita 50 kutoka kwake na wekundu wake wote unarudi. Ukimmulika kutoka mita 3, mwanga umevuka mita 3 kwenda na 3 kurudi, na nyekundu imeliwa njiani.

Kwa hiyo usivute kwa zumu. Zumu humkuza samaki, lakini maji yanabaki yaleyale. Sogea wewe. Samaki mkubwa usimpige akiwa zaidi ya mita 1. Kiumbe mdogo, sentimita 30 au chini yake. Kumbuka pia kwamba chini ya maji vitu huonekana karibu zaidi kwa kama robo ya umbali: unayedhani yuko sentimita 75 yuko mita nzima.

Kusogea hivyo bila kugusa matumbawe kunadai uweze kuelea umetulia, na hapa sina msamaha: kama bado unapanda na kushuka, kamera ibaki mashuani. Pima uzito wako mwisho wa mbizi, chupa ya hewa ikiwa na shinikizo la baa 50, ukiwa mita 5 na jaketi la kuelea halina hewa. Ukizama, una vipande vingi mno vya risasi (uzito wa kuzamia) kiunoni. Anayezama hupiga mapezi mfululizo, mchanga unatimka, na picha inaharibika kabla hujabonyeza.

Vile vidoa vyeupe ni chembe zilizomo majini, zinazomulikwa na flashi iliyo jirani na lenzi. Tandaza mikono ya flashi kulia na kushoto, zirudishe nyuma kidogo ya kioo cha kasha lisilopitisha maji linalobeba kamera, kisha zielekeze nje kidogo ili samaki aguswe na ukingo wa mwanga tu. Anza na kasi ya shata 1/125, tundu la lenzi f/8, na ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 200. Bluu ya nyuma ikiwa nyeusi mno, shuka hadi 1/60. Samaki akiungua kwa weupe, punguza nguvu ya flashi na usiguse kasi.

Huna flashi? Weka kichujio chekundu, ipimie kamera rangi nyeupe kwa kibao cheupe, na urudie kila unapobadilisha kina kwa mita 3 hivi. Ukiwasha taa, kichujio kitoke, la sivyo kila kitu kitakuwa chekundu. Hifadhi picha kwa RAW, yaani faili ghafi ya kamera. JPEG haikuachii nafasi kubwa ya kurekebisha rangi.

Chagua na maji yenyewe. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mkondo huvuta kwa nguvu na kutibua. Maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, humfaa zaidi anayejifunza. Ghuba ya Chole, Mafia, piga picha maji yanapojaa, kwa kuwa yanaleta maji safi ya bahari kuu. Yanapokupwa hutoka na tope la mikoko.

Kabla ya yote hayo, kagua oringi ya kasha, yaani mpira wa duara unaoziba maji yasiingie. Unywele mmoja au punje ya mchanga inatosha kuzamisha kamera. Itoe, ifute, ipake grisi ya silikoni kiasi cha kung'aa tu, kwani ikizidi hunasa uchafu. Kisha zamisha kasha tupu lenye karatasi ya tishu ndani kwenye ndoo ya maji kwa dakika chache. Tishu ikitoka kavu, weka kamera.