Kubana matumizi si ubunifu

Kampuni inapunguza wafanyakazi, inafunga matawi, inakata mishahara, kisha ripoti ya mwaka inasema msukosuko "umeibua ubunifu". Hapana. Umeibua upunguzaji wa gharama.

Kwa kifupi, ubunifu wa biashara ni kuingiza kwenye soko njia mpya ya kumpa mteja thamani. Mwaka 1911 mchumi Joseph Schumpeter alitaja aina tano za ubunifu: bidhaa mpya, mbinu mpya ya uzalishaji, soko jipya, chanzo kipya cha malighafi, na mpangilio mpya wa sekta. Kupunguza watu hakumo.

Sina ugomvi na kubana matumizi. Fedha zikikauka, unabana au unafunga. Tatizo ni kwamba kubana na ubunifu mara nyingi hutokea pamoja, na sifa za moja hupewa jingine. Mwaka 1950 Toyota ilikaribia kufilisika. Wafanyakazi waliachishwa, mgomo ukazuka, na rais wa kampuni, Kiichiro Toyoda, akajiuzulu. Hayo yalikuwa maumivu ya kubana. Ubunifu ulikuwa kazi nyingine kabisa, tena ya miaka mingi: mhandisi wa Toyota, Taiichi Ohno, na wenzake, wakijua hakuna mtaji wa kulaza ghalani, walijenga utaratibu wa kutengeneza kipuri pale tu hatua inayofuata inapokihitaji. Shida ilikwisha, utaratibu ukabaki, na viwanda vya nchi nyingine vikauiga.

Lipo pia kosa la watu wenye nia njema, la kuita kila mgeuko wa haraka ubunifu. Machi 2020, korona ilipoenea, LVMH, kampuni ya Ufaransa ya bidhaa za anasa, ilitumia viwanda vyake vya manukato kutengeneza vitakasa mikono na kuvigawa bure kwa hospitali za Ufaransa. Ni jambo jema, na wepesi wake unastahili pongezi. Lakini vitakasa mikono vilikuwepo tayari, na kampuni haikuwa inajenga biashara mpya. Iliitikia dharura.

Seremala wa Denmark, Ole Kirk Christiansen, ni habari tofauti. Mdororo wa uchumi ulipomkosesha kazi za ujenzi, mwaka 1932 alianza kutengeneza vitu vidogo vya mbao, vikiwemo vya kuchezea watoto. Vya kuchezea ndivyo vilivyogeuka kuwa biashara yenyewe, na mwaka 1934 ikapata jina la Lego. Najua, vitu vya kuchezea vya mbao havikuwa vigeni duniani, na Schumpeter pengine angenibishia hapa. Ila kwa karakana ile, mteja, bidhaa na soko vyote vilibadilika, na havikurudi vilivyokuwa.

Basi tukiandika ripoti, mlipopunguza gharama semeni mmepunguza gharama, na mlipoitikia dharura semeni hivyo, hakuna aibu. Neno ubunifu lingojee hadi apatikane mteja anayelipia kitu ambacho kabla ya msukosuko hamkukitoa, au kile kile kwa namna ambayo hamkuwa nayo.