Kituo cha kuchaji magari hakiwashwi kama taa ya sebuleni

Kijiweni Mwanga, hapa Kigoma, mabishano ya kahawa yakifika kwenye magari ya umeme, kuna hoja haikosekani: mashine ya kuchaji ikishasimamishwa, kazi imekwisha, kituo kikikaa miezi bila kufunguliwa, basi kuna mtu kala hela. Huenda kuna siku kala kweli. Lakini mara nyingi kinachochelewesha hakiko kwenye mashine.

Chukua pasi ya wati 1,000. Mashine ya kuchaji haraka ya kilowati 50 inavuta umeme sawa na pasi hizo 50 zikinyoosha nguo kwa pamoja. Transfoma ya kVA 100 (uwezo wa karibu kilowati 100) inayohudumia mtaa ingemegwa nusu na gari moja tu, tena jioni, watu wanapika na kutazama mpira. Ndiyo maana kituo huhitaji umeme wa fezi tatu (nyaya tatu za moto badala ya moja), mara nyingi na transfoma yake, na hapo kuna hatua nyingi: kupima mzigo wa umeme, kuomba laini, kulipia, kusubiri vifaa, kuchimba, kuweka ethi (waya wa usalama unaozikwa ardhini), kufunga mita, kukaguliwa. Mashine yenyewe hufungwa kwa siku chache, kisha inakaa imefunikwa turubai ikisubiri hayo mengine.

Sisi tulioishi miaka mingi na majenereta ya dizeli kabla ya gridi ya Taifa kutufikia tulipaswa kulielewa hili upesi kuliko watu wa Dar es Salaam.

Bajaji ya umeme ni habari nyingine. Hiyo inaweza kuchajiwa usiku kwenye soketi ya kawaida ya nyumbani.