Mwashuri akibadili dini, nini hubaki?

Ng'ambo ya mto Tigris, mkabala na mji mkongwe wa Mosul, kuna kilima ambacho wenyeji hukiita Nabi Yunus. Juu yake palisimama msikiti wa Nabii Yunusi, ndiye Yona wa Biblia. Kabla ya msikiti palikuwa na monasteri ya Mar Yonan, yaani Mtakatifu Yona. Na chini ya yote hayo limelala jumba la Esar-hadoni, mfalme wa Ashuru wa karne ya 7 KK. Julai 2014 wapiganaji wa ISIS waliulipua msikiti, kisha wakachimba mahandaki ndani ya kilima wakisaka vitu vya kale. Walipofurushwa, wanaakiolojia walishuka kwenye mahandaki hayo hayo wakakuta maandishi ya kikabari, mwandiko wa kale wa Mesopotamia, yenye jina la Esar-hadoni.

Nafundisha historia ya makanisa ya Mashariki, na kila mwaka naanzia kwenye kilima hiki, kwa sababu Waashuri wa leo, Wakristo wa lugha ya Kiaramu, hujihesabu wazao wa watu wa mfalme huyo. Mwaka mmoja kijana wa Tanga aliyekuwa akikaa nyuma kabisa alinyoosha mkono: "Mwalimu, Mwashuri akisilimu anakuwa nani?" Nikamjibu haraka kwamba kwa kawaida wajukuu zake huishia kuwa Waarabu au Wakurdi. Hakuridhika. "Lakini mwalimu, hawa si walishabadili dini mara moja, wakaacha miungu yao? Mbona hapo hawakupotea?"

Siku ile nilijikanyagakanyaga. Jibu nililopaswa kumpa ni hili.

Tuanze na mara ya kwanza. Ninawi ilianguka mwaka 612 KK, na wengi wetu tuliosoma Biblia tunadhani Waashuri waliishia hapo. Kilichokufa ni dola. Watu walibaki vijijini wakilima ngano yao, na katika mji wa Ashur wenyewe mungu Ashur aliendelea kuabudiwa hata chini ya Waparthi, watawala wa Uajemi wa kale, zaidi ya miaka 800 baada ya dola kuanguka. Maandishi ya waabudu wa hekalu hilo yapo, ila hayako katika Kiakadi cha wafalme wa kale, yako katika Kiaramu. Lugha ilikuwa imeshabadilika zamani. Msomaji wa 2 Wafalme 18 atakumbuka kwamba maafisa wa Yerusalemu walimsihi mjumbe wa Senakeribu, mfalme wa Ashuru, aseme nao Kiaramu, ili watu waliokuwa ukutani wasielewe.

Ukristo ulipotoka Edessa ukapita Nisibis, miji ambayo leo iko Uturuki, hadi Arbela, ambayo leo ni Erbil, ulikuja kwa Kiaramu hicho hicho. Hapo ndipo pana kiini cha jibu. Hakuna aliyelazimika kujifunza lugha ya mgeni ili abatizwe. Mtu alisali kwa maneno aliyokuwa akiyatumia kumwita mwanawe au kupatana bei ya kondoo. Tena waliingia Ukristo kwa vijiji na koo, majirani pamoja, hivyo aliyebatizwa aliendelea kuoa kulekule alikooa baba yake.

Vitu vya zamani vikahamia nyumba mpya. Karibu na Arbela palikuwa na mahali paitwapo Milqia, ambapo wafalme wa Ashuru walikuwa na nyumba ya sikukuu ya Ishtar. Karne nyingi baadaye Wakristo walikusanyika kila mwaka Melqi, jina karibu lile lile, kumkumbuka shahidi Mar Qardagh, na pakawa na gulio kubwa. Simulizi ya shahidi huyo inamtaja kuwa wa ukoo wa Senakeribu, bila aibu yoyote. Hadithi ya Ahikari, mshauri mwenye hekima wa wafalme wa Ninawi, nayo iliokolewa na watawa walioinakili pamoja na maisha ya watakatifu. Hata mwezi wa Julai huko bado unaitwa Tammuz, jina la mungu aliyeliliwa na wanawake maelfu ya miaka iliyopita.

Nafungua mabano hapa, maana jambo hili huwashtua wanafunzi wangu kila mara. Tunaposema "maskini" na "tajiri" tunatamka maneno ambayo mizizi yake ni Kiakadi, lugha ya Babeli na Ashuru. Yalipita katika Kiaramu, yakaingia Kiarabu, yakatufikia pwani. "Hekalu" limepita njia hiyo hiyo, likianzia neno la jumba la mfalme. "Kasisi" ni qashisha, yaani mzee, na hadi leo Mwashuri humwita padri wake qasha. "Kanisa", "msalaba" na "sala" nayo yamepitia Kiaramu. Kwa hiyo Mswahili wa Pemba anaposwali na Mswahili wa Songea anapokwenda kanisani, wote wawili wanaazima kwa watu hawa. Nafunga mabano.

Mara ya pili ni Uislamu, kuanzia karne ya 7. Niseme wazi: dola za Kiislamu hazikuwafuta Wakristo hawa kwa siku moja. Walilipa jizya, kodi ya wasio Waislamu, wakabaki na mapatriaki wao, yaani wakuu wa makanisa yao, na monasteri zao. Waliosilimu walisilimu mmoja mmoja, nyumba moja leo na nyingine baada ya miaka 20. Huyu mmoja ndiye anayepotea. Akishasilimu hawezi kuoa kwao, hazikwi makaburini kwao, na kanisa limeshamfuta. Anaoa kwa Waarabu au Wakurdi, na lugha ya jikoni inakuwa ya mkewe. Baadaye Waosmani, watawala wa Kituruki, waliposimamia raia wao kwa jumuiya za dini, kuwa wa taifa fulani kukawa sawa na kuwa wa kanisa fulani. Ukitoka kanisani umetoka katika kabila. Waliofunga mlango walikuwa wa pande zote mbili, na hili wanaharakati wa Kiashuri hawapendi kulisikia.

Huko Tur Abdin, kusini mashariki mwa Uturuki, wapo Waislamu waitwao Wamhallami, wasemao Kiarabu. Majirani zao husimulia kwamba mababu wa watu hao walikuwa Wakristo. Njaa ikaingia wakati wa mfungo, wakamwomba patriaki ruhusa ya kula nyama, akakataa, wakasilimu. Mimi siichukui kama historia. Naipenda kwa sababu inaonyesha wasimulizi wenyewe wanamlaumu nani.

Je, Uislamu ndio unaoua Kiaramu? Nenda Jubb'adin, kaskazini mwa Damasko. Si Waashuri hao, ni tawi jingine la Kiaramu, lakini mfano unafaa. Kijiji kizima ni Waislamu, na wanaongea Kiaramu nyumbani, sawa na Wakristo wa Maaloula jirani yao. Walisilimu kijiji kizima, wakabaki pale pale, wakaendelea kuoana.

Halafu kuna kubadili dini ambako wengi hawakuhesabu, yaani kuhama kutoka kanisa hadi kanisa. Mwaka 1553 Yohannan Sulaqa, mkuu wa monasteri ya Rabban Hormizd karibu na Alqosh, alisimikwa patriaki huko Roma na Papa Julius III. Wafuasi wa tawi hilo wakaja kuitwa Wakaldayo. Wengine wakabaki katika Kanisa la Mashariki, kanisa lao la kale, wengine ni Waorthodoksi wa Kisiria, na leo unaweza kukuta watu wanaosema lugha moja wakigombana mchana kutwa kama wao ni Waashuri, Wakaldayo au Waaramu. Mgawanyiko huo umewagharimu sana kila walipohitaji kusema kwa sauti moja.

Ila historia haina adabu. Wamisionari wa Kiprotestanti kutoka Marekani walifika Urmia, Uajemi, miaka ya 1830, wakiongozwa na Justin Perkins. Walikuja kuvuna waumini, wakaleta mtambo wa kuchapa. Agano Jipya katika lugha ya kila siku likatoka 1846, na gazeti likaanza 1849. Lugha iliyokuwa zaidi ya mdomoni ikapata maandishi ya kuchapwa. Hormuzd Rassam, mzaliwa wa Mosul wa familia ya Kikaldayo aliyekuja kuwa Mprotestanti, ndiye aliyefukua maktaba ya Ashurbanipal, mfalme wa Ashuru, huko Ninawi mwaka 1853. (Huyo huyo alitumwa na Waingereza Muscat mwaka 1861, wakati wa ugomvi wa Sayyid Thuwaini na nduguye Sayyid Majid wa Zanzibar. Dunia ndogo.)

Mauaji ya 1915, ambayo wenyewe huyaita Seyfo, yaani upanga, na yale ya Simele, kaskazini mwa Iraq, mwaka 1933, hayahitaji nadharia. Lakini 1915 wanawake na watoto wengi walichukuliwa wakaingizwa katika familia za Kiislamu, na huko walikoingia jina la kwao halikutamkwa tena.

Sasa wengi wao wako Södertälje huko Uswidi, Chicago, Detroit na Sydney. Huko hakuna anayewalazimisha kubadili dini. Watoto wanaimba Qaddisha Alaha, yaani Mungu Mtakatifu, Jumapili kwa ufasaha, wakitoka nje wanaongea Kiswidi au Kiingereza. Swali la yule kijana limegeuka juu chini: dini ipo, lugha inaondoka. Wazazi nao wamebuni jibu lao. Babu aliitwa Giwargis au Yawsep, majina ya kanisani. Mjukuu anaitwa Sargon, jina la mfalme wa kale, au Ashur, na kasisi anamshika juu ya maji, anamtaja kwa jina hilo la mungu aliyeachwa, na anambatiza.